Mke aliyeachwa kwa karatasi ya sheikh, na Marekani inayotaka hukumu ya mahakama

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni Mtanzania niliyepata uraia wa Marekani, naishi Columbus, Ohio. Mwaka 2021 nilifunga ndoa ya Kiislamu mjini Tanga, na cheti cha ndoa tunacho. Mke wangu aliwahi kuolewa hukohuko Tanga mwaka 2006, akaachwa mwaka 2014 kwa karatasi ya talaka iliyoandikwa mbele ya sheikh wa mtaa na mashahidi wawili. Katika ndoa hiyo alizaa mtoto wa kike ambaye sasa ana miaka 16. Nimemwombea mke wangu kwa fomu ya I-130, ile ya kumwombea ndugu wa karibu, na USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, wameniandikia wakitaka uthibitisho kwamba ndoa yake ya kwanza ilivunjwa kisheria. Karatasi ya sheikh nilishaipeleka pamoja na tafsiri yake, hawakuridhika. Rafiki yangu wa Ghana alikubaliwa kwa viapo vya wazee tu. Je, nami nipeleke viapo vya sheikh na mashahidi wake, au RITA, wakala wa serikali wa usajili, wanaweza kutupa cheti cha talaka?

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu imebeba maswali mawili yanayofanana sura lakini dawa zake ni mbalimbali. La kwanza ni la mtu aliyeachika mbele ya sheria ya nchi, ila hati yake imepotea, imeungua, au hakuwahi kwenda kuichukua. La pili ni la mtu mwenye karatasi mkononi, lakini sheria ya nchi haijawahi kumhesabu kuwa ameachika. Viapo vya mashahidi vinamfaa yule wa kwanza. Huyu wa pili, hata akileta viapo vya mtaa mzima, atakuwa amethibitisha jambo ambalo hakuna aliyelibisha, yaani kwamba mume alimwandikia talaka, na lile lililoulizwa litabaki bila jibu. Kwa maelezo uliyonipa, nina hofu kwamba nyinyi mko katika hali ya pili, na naona ni haki yako kuambiwa hivyo mapema kabla hujatumia fedha na muda wako mahali pasipo na faida.

Katika viza ya ndoa, Marekani haiamui yenyewe kama ndoa ya Tanga ni halali au si halali. Inauliza sheria ya mahali ndoa ilipofungwa inasemaje, kisha inauliza kama siku ile kila mmoja wenu alikuwa huru kuoa au kuolewa. Ndiyo maana wanataka ushahidi wa kumalizika kwa kila ndoa iliyotangulia, ya kwako na ya mke wako, na wanazitazama tarehe mbili kwa pamoja: siku ndoa ya kwanza ilipokufa na siku ya pili ilipozaliwa. Anayetegemea sheria ya nchi ya kigeni ndiye mwenye mzigo wa kuithibitisha. Bodi ya rufaa za uhamiaji ya Marekani ililisema hilo tangu mwaka 1973 katika shauri la Annang, na mpaka leo maofisa wanalifuata. Kwa hiyo ofisa aliyekuandikia hakuidharau karatasi yenu. Ameitazama sheria ya Tanzania Bara, akaona karatasi ya namna hiyo haivunji ndoa.

Sasa kuhusu rafiki yako wa Ghana. Hakukuambia uongo, na wala hakupendelewa. Mwaka 2008, katika shauri la Kodwo, bodi hiyohiyo ilikubali kwamba ndoa ya kimila ya Ghana inaweza kuthibitishwa kuwa imevunjika kwa viapo vya wakuu wa kaya za pande mbili, hata pasipo amri ya mahakama, wakati shauri lililotangulia la mwaka 1986 lilikuwa limeitaka amri hiyo. Sababu ni kwamba sheria ya Ghana yenyewe inaruhusu ndoa ya kimila ivunjwe na familia. Viapo vya wazee wale havikuwa badala ya talaka ya kisheria. Vilikuwa ushahidi wa talaka ambayo sheria ya kwao inaitambua. Tanzania Bara ilichukua njia nyingine, tena muda mrefu uliopita.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 12, inasema ndoa itaendelea kuwepo mpaka imalizwe na kifo, au na tamko la mahakama kwamba mmoja anadhaniwa amefariki, au na amri ya kuibatilisha, au na amri ya talaka, au na talaka ya nje ya mahakama iliyotolewa nje ya Tanganyika na kutambuliwa kwa masharti ya kifungu cha 92. Soma orodha hiyo polepole. Talaka iliyotamkwa au kuandikwa ndani ya Tanganyika nje ya mahakama haimo. Sheria hiyohiyo haikuipuuza talaka ya Kiislamu. Kifungu cha 107(3) kimeipa nafasi yake. Wanandoa waliooana Kiislamu wakipelekana kwenye baraza la usuluhishi, baraza likathibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha, kisha mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama inapaswa kukubali kwamba ndoa imevunjika na kutoa amri ya talaka. Basi talaka ya mume inaifungulia mahakama mlango, lakini anayeivunja ndoa mbele ya serikali ni mahakama.

Karatasi nyingi za aina ya kwenu zimepita mikononi mwangu. Mara nyingi ni ukurasa wa daftari la shule uliokunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kukatika, umeandikwa kwa kalamu ya bluu: mimi fulani bin fulani nimemwacha mke wangu fulani binti fulani talaka moja, kwa hiari yangu na akili zangu timamu. Chini zipo saini mbili za mashahidi, na pengine muhuri wa msikiti uliofifia. Mwanamke huyo alikaa eda yake, hakurejewa, na mbele ya dini yake yu huru. Nalisema hili kwa uzito wake, kwa sababu nimewaona wanawake wakilia wakidhani barua ya ofisa imewaita wazinzi. Haikusema hivyo wala haina mamlaka ya kusema hivyo. Suala lililopo ni la sheria ya nchi na daftari la serikali, basi.

Kabla hujakata tamaa, fanya uchunguzi mmoja ambao watu wengi huuruka. Kaa na mke wako kwenye simu, kwa utulivu, umuulize kama baada ya mwaka 2014 aliwahi kuitwa au kwenda mahakama yoyote kwa jambo lolote lililomhusu mume wa kwanza: matunzo ya mtoto, hifadhi ya mtoto, nyumba, kiwanja, hata vyombo. Muulize pia kama mume mwenyewe aliwahi kufungua shauri. Nilimsaidia mama mmoja aliyeshikilia kwamba hajawahi kupewa talaka ya mahakama maishani mwake; alichokumbuka ni kesi ya nyumba ya bati sita katika Mahakama ya Mwanzo. Tulipoomba jalada na kufika kwenye ukurasa wa mwisho wa hukumu, kabla ya maelezo ya mgawanyo wa mali, palikuwa na mstari mmoja wa hakimu unaosema ndoa ya wadaawa imevunjwa. Na hilo halikuwa la ajabu, kwa sababu mahakama hugawa mali ya wanandoa inapotoa amri ya talaka au ya kutengana. Yule mama alikuwa ameachika kisheria kwa miaka saba bila kujua, na hukumu ile ilitangulia ndoa yake ya pili.

Kwa hiyo mtume mtu anayeaminika, au wakili, aende masijala za mahakama za Tanga: Mahakama za Mwanzo za pale walipokuwa wakiishi, Mahakama ya Wilaya, na Mahakama ya Hakimu Mkazi, kwa sababu zote hizo, pamoja na Mahakama Kuu, zina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa. Aende na majina kamili ya pande zote mbili kwa kila tahajia inayowezekana. Mwanahawa akiandikwa Mwana Hawa, karani anayepekua rejesta kwa haraka atakuambia hayupo.

Jalada likipatikana na tarehe ya amri ikiwa kabla ya ndoa yenu ya 2021, shida yenu imekwisha kwa kiasi kikubwa. Omba nakala ya hukumu na ya amri ya talaka, zote zimethibitishwa na mahakama kwa muhuri, saini na tarehe. Ukiwa na amri hiyo unaweza kwenda RITA talaka isajiliwe na cheti kitolewe. Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu RITA: kazi yao ni kusajili talaka iliyotolewa na mahakama. Hawaitengenezi. Ukiwapelekea karatasi ya sheikh peke yake, hawana cha kusajili. Hukumu za Mahakama ya Mwanzo huandikwa kwa Kiswahili, na USCIS hawapokei hati ya lugha nyingine bila tafsiri kamili ya Kiingereza, yenye tamko la mfasiri kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba yeye ana uwezo wa kufasiri kutoka lugha hiyo. Tafsiri kila kitu, pamoja na maneno ya ndani ya muhuri. Usiifasiri wewe mwenyewe. Wewe ni mwenye ombi, na ofisa ana kila sababu ya kumwamini zaidi mtu asiye na maslahi.

Ikiwa jalada lilikuwepo lakini limepotea au limeharibika, hapo ndipo viapo vinapopata kazi. Kwanza upate barua rasmi ya mahakama inayosema hati haipatikani na kwa nini. Kisha ulete ushahidi wa pili, kwa mfano rejesta ya mashauri yenye namba ya kesi, na kama huo nao haupatikani, viapo viwili au zaidi vya watu wasiohusika na ombi lako, wenye kulijua jambo kwa macho na masikio yao. Ngazi hizo hupandwa kwa mpangilio huo. Kiapo kisichotanguliwa na barua ya mahakama hurudishwa.

Tuseme sasa hakuna jalada, kwa kuwa hakuna aliyewahi kwenda mahakamani. Hapo ukweli ni mchungu: kwa sheria ya Tanzania Bara mke wako alikuwa bado mke wa mtu mwaka 2021, na ndoa yenu ni batili tangu mwanzo, hata kama cheti mlichopewa ni halisi. Amri ya talaka atakayoipata sasa itafanya kazi kuanzia siku itakapotolewa na haitarudi nyuma kuikuta ndoa ya 2021. Hapa ndipo watu wengi huanguka, kwani hukimbilia kupata talaka ya mahakama, wakaipeleka USCIS kwa furaha, na ofisa akasoma tarehe tu na kukataa. Njia iliyo wazi ni mke wako aombe talaka mahakamani, aipate, kisha nyinyi wawili mfunge ndoa upya na kuanza ombi jipya.

Mwendo wake ni huu. Mke wako aanzie kwenye baraza la usuluhishi, ama Baraza la Kata au baraza la kidini linalotambuliwa kwa kazi hiyo, apate hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana. Hati hiyo isiwe na umri wa zaidi ya miezi sita siku ombi la talaka linapofunguliwa, kwa hiyo kama mwaka 2014 walipita kwenye baraza, ile ya zamani haifai. Ikiwa mume wa kwanza hajulikani alipo, au anaishi nje na si rahisi arudi nchini ndani ya miezi sita, au ameitwa na baraza akakataa kwa makusudi, kifungu cha 101 kinaruhusu shauri liendelee bila hati ya baraza. Akipatikana na akakubali, mambo huwa mepesi zaidi. Ikiwa talaka ya 2014 haikutanguliwa na hati ya baraza, wakili anaweza kushauri itamkwe upya baada ya hati hiyo ili kifungu cha 107(3) kitimie. Au ajenge hoja juu ya kutengana kwa hiari kwa miaka mitatu au zaidi, ambako nako ni ushahidi unaotambuliwa kwamba ndoa imevunjika, na nyinyi mnao wa miaka mingi kupita kiasi hicho. Ile karatasi ya sheikh msiitupe kamwe. Iambatanishwe kwenye ombi la talaka, maana ndiyo inayoonyesha walianza kutengana lini.

Msiende peke yenu katika hili. Sheria ya Ndoa inamhesabu mwanamke aliyefunga ndoa nyingine akiwa bado katika ndoa kuwa ametenda kosa, na ingawa alifanya hivyo kwa nia njema akiamini ameachika, namna ya kulieleza mbele ya hakimu inataka wakili. Wakili huyo mwombeni pia aiombe mahakama itamke kwamba ndoa ya 2021 ilikuwa batili, ili msajili asije akakuta ndoa mbili za watu walewale katika daftari lake. Amri ikitoka, msifunge ndoa wiki hiyohiyo. Acheni muda wa rufaa upite.

Hata hivyo, msichelewe, na sababu ni mtoto. Mke wa raia wa Marekani hawezi kubeba mtoto wake ndani ya ombi lake mwenyewe. Mtoto anataka fomu yake ya I-130, nawe utaijaza ukiwa baba wa kambo. Sheria ya Marekani inamtambua mtoto wa kambo pale tu ndoa iliyoufanya uhusiano huo imefungwa kabla hajatimiza miaka 18. Mlidhani ndoa ya 2021 imelitimiza sharti hilo miaka mingi nyuma. Ikiwa ni batili, haikulitimiza, na binti ana miaka 16. Ndoa halali ikifungwa siku moja baada ya yeye kutimiza miaka 18, mama ataweza kuja nawe, binti atabaki, na hamtakuwa na la kufanya mpaka mama apate ukaazi wa kudumu na kumwombea yeye mwenyewe katika foleni iliyo ndefu zaidi. Mwambie wakili tarehe ya kuzaliwa ya binti siku ya kwanza kabisa, naye aizingatie katika kila ombi la kuharakisha shauri.

Kuhusu barua ya USCIS, tarehe ya mwisho imeandikwa humo, nayo haiongezwi hata kwa sababu nzuri. Muda mrefu kabisa unaoruhusiwa ni wiki 12 pamoja na siku chache za posta, na majibu yote hupelekwa mara moja. Tumia wiki za mwanzo kupekua masijala. Kama hakuna kitu, mimi ningeondoa ombi hilo kwa barua fupi ya kweli: kwamba mliamini talaka ya kidini ilitosha, mmegundua sheria ya nchi ilitaka amri ya mahakama, na mnarekebisha. Ombi lililoondolewa au kukataliwa kwa sababu hiyo peke yake si udanganyifu na halikuzuii kuomba tena. Katika fomu mpya utaitaja sherehe ya 2021 na maelezo yake katika karatasi ya nyongeza, usijifanye haikuwepo. Kagua pia kama mke wako aliwahi kuomba viza ya matembezi na akajaza kwamba hajawahi kuolewa. Majibu hayo bado wanayo.

Yuko mtu atakayekuja kukwambia kwamba anaweza kupata amri yenye tarehe ya 2015 kwa malipo. Nakuomba umkatae. Ubalozi huandikia mahakama na kuuliza namba ya shauri, na amri isiyo na jalada hugundulika. Hapo suala halitakuwa tena la talaka bali la udanganyifu wa makusudi, ambao humfungia mke wako viza maisha yake yote isipokuwa kwa msamaha maalumu ulio mgumu kupatikana.

Jambo moja litakalokusikitisha kidogo: kwa kuwa ndoa yenu halali itakuwa changa, mke wako akiingia Marekani kabla haijatimiza miaka miwili atapewa kadi ya ukaazi yenye masharti ya miaka miwili, na mtajaza fomu ya I-751, ya kuondoa masharti hayo, ndani ya siku 90 za mwisho za kadi hiyo. Ni karatasi nyingine, lakini haimzuii kufanya kazi wala kuishi nawe.

Wasomaji wengine wenye shida kama hii waangalie kwanza talaka ilitolewa wapi. Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki Zanzibar, ambako Mahakama ya Kadhi ina mamlaka juu ya ndoa na talaka za Waislamu. Na Kenya nayo ina mahakama za Kadhi zilizotajwa katika katiba, ambazo hutoa hati za talaka. Aliyeachika Unguja au Mombasa kwa hati ya Kadhi hayuko katika shida ya ndugu huyu wa Columbus. Na mwanamume aliyeoa mke wa pili Bara akiwa na talaka ya karatasi kwa wa kwanza asijifariji kwamba sheria ya Tanzania inamruhusu wake wengi. Inamruhusu kweli, lakini Marekani haimpi viza ya ndoa mke wa pili wakati ndoa ya kwanza ingali hai, hivyo naye itambidi apate amri ya mahakama na kisha afunge ndoa upya.

Kwako wewe, ndugu yangu, kazi ya wiki hii ni hiyo simu kwa mke wako na mtu wa kwenda masijala akiwa na majina kwa tahajia zake zote. Akikuta namba ya shauri, niandikie tarehe ya amri kabla hujalipia tafsiri.